Zawadi za kushona kwa ajili ya walimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshona vizawadi vya walimu kwa miaka kadhaa, kwanza kwa walimu wa wanangu, baadaye kwa kila mzazi aliyesikia kwamba nina cherehani. Maswali ninayoulizwa ni yaleyale, na mengi huja usiku wa kuamkia siku ya kufunga shule, wakati ambao hakuna jibu linalosaidia. Nimeyakusanya hapa mapema. Vipimo vyote ni vya sentimita (sm), na nafasi ya mshono, sm 1 kila upande, tayari imo ndani ya vipimo hivyo. Usiiongeze tena.

Kwa nini nishone wakati naweza kununua?

Kununua si kosa. Kama sindano inakuchosha kabla hujaishika, nunua, kisha weka nguvu zako kwenye barua. Nitaizungumzia huko chini. Faida ya kushona ni kwamba kitu kinaweza kumkaa mwalimu mmoja na kisimkae mwingine. Wewe unajua kwamba anatembea na rundo la madaftari kwapani. Unajua kwamba kalamu yake nyekundu imevuja mara mbili kwenye mfuko wa shati. Dukani hakuna kitu kilichotengenezwa kwa kumtazama yeye.

Kutoa ni moyo, kila mtu anasema hivyo. Lakini pindo likifumuka wiki ya pili, moyo huo hauonekani tena. Ndiyo maana sehemu kubwa ya majibu haya ni ya ufundi.

Sijawahi kushona kitu. Nianze na nini?

Alamisho ya kitabu. Ni mishono minyoofu, kitambaa ni kidogo, na ukiharibu umepoteza nusu saa tu.

Kata vipande viwili vya sm 7 kwa 20. Kimoja kigandishie kwa nyuma, kwa pasi, kile kitambaa kigumu chenye gundi ambacho mafundi huweka ndani ya kola. Kama huna, kata kipande cha tatu cha pamba nzito cha ukubwa uleule, ukishone pamoja na vile viwili. Viweke uso kwa uso, yaani pande nzuri zitazamane ndani. Shona kuzunguka ukiacha pengo la sm 5 katikati ya upande mrefu. Pengo lisiwe penye pembe. Kata ncha za pembe kimshazari, ukibakiza kama milimita mbili kabla ya mshono, ili pembe isivimbe ikigeuzwa.

Geuza kupitia pengo. Pembe zisukume kwa kijiti butu au kitako cha penseli. Mkasi hutoboa, najua kwa sababu nimetoboa. Kunjia kingo za pengo ndani, piga pasi, kisha shona tena kwa juu kuzunguka alamisho nzima, milimita 3 kutoka ukingoni. Mshono huo wa juu unaziba pengo, na pia ndio unaofanya kazi ionekane imetoka kwa fundi.

Ukishona alamisho tatu umeshajifunza karibu kila kitu kinachohitajika hapa: kushona mnyoofu, kugeuza, pembe, pasi. Jalada la daftari ni alamisho kubwa tu.

Cherehani ni lazima?

Hapana. Alamisho, kifuko cha miwani na hata mfuko wa kalamu vinashonwa kwa mkono na vinadumu, mradi usitumie bandi mahali pa mshono. Bandi, ile sindano ya kupita juu chini kwa hatua ndefu, kazi yake ni kushikilia vitambaa kwa muda. Mshono wenyewe uwe wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele hatua moja, inarudi kuingia pale hatua iliyopita ilipoishia, inatokea mbele tena. Hatua za milimita 3 zinatosha.

Kata uzi usiozidi sm 50. Wanaoanza hukata uzi mrefu kama kamba ya kuanikia nguo ili wasitunge tena, halafu wanashinda wakifungua mafundo. Uzi ukipitishwa kwenye kipande cha nta haujisokoti ovyo.

Kitu pekee ambacho nisingekushauri ukishone kwa mkono ni mfuko wa kubebea madaftari. Inawezekana, ila vidole vyako vitanikumbuka.

Nitumie kitambaa gani?

Pamba ya uzito wa kati isiyovutika: kitenge, kitambaa cha shuka, kitambaa cha shati, au jinzi kwa vitu vinavyobeba uzito. Satini na hariri zinateleza chini ya cherehani na zinachanika nyuzi kingoni, kwa hiyo kama huna uzoefu ziache. Kitambaa cha fulana kinavutika na kurudi, na mfuko wake hauna umbo.

Fua kabla ya kukata. Pamba hunywea inapofuliwa mara ya kwanza, na kama nje na bitana, yaani kitambaa cha ndani, havikunywea sawa, mfuko uliokuwa mzuri siku ya zawadi utakunjamana baada ya kufuliwa mara moja. Vitambaa vingine huja na wanga unaovifanya vionekane vizito dukani. Ukifua, unakuta kitambaa chepesi kuliko ulivyodhani, na ni heri ulijue hilo mapema. Kwa rangi nzito, hasa nyekundu na bluu, sugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikibeba rangi, endelea kufua mpaka kisibebe, au kitumie kwa kazi nyingine. Fikiria rangi hiyo ikihamia kwenye madaftari arobaini.

Tazama pia kama maua au ndege wa kitambaa wana juu na chini. Nimewahi kutoa mfuko mzuri sana ambao upande mmoja ndege walikuwa wamesimama, na upande wa pili wamening'inia kama popo.

Ninunue kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Nusu mita ya kitambaa chenye upana wa sm 110 inatoa vipande 16 vya sm 23 kwa 12, yaani sehemu za nje za mifuko minane ya kalamu. Bitana hutoka kwenye mabaki. Fundi yeyote wa nguo ana gunia la vipande asivyojua avifanyie nini. Mwombe kwa adabu.

Walimu hutumia nini hasa? Sitaki kutoa kitu cha kuwekwa kabatini.

Hili ndilo swali la msingi, na watu wengi hulirukia juu juu. Kabla ya kukata kitambaa, mtazame mwalimu kwa wiki moja, au mtume mtoto atazame. Watoto ni wapelelezi wazuri. Wangu aliniambia kwamba mwalimu wake huweka funguo, chaki na pipi za kikohozi mfuko mmoja wa koti, na kila akitafuta ufunguo hutoa chaki. Kutokana na maneno hayo nilishona kifuko chenye vyumba viwili. Sikuhitaji kufikiria zaidi.

Anayefundishia ubao wa chaki ana vumbi jeupe kila mahali. Kifuko chake kisiwe cheusi wala bluu iliyokoza kwa nje. Rangi ya kijivu, ya mchanga au yenye maua madogomadogo huficha vumbi. Anayetumia kalamu za wino za ubao mweupe ana tatizo lingine: kifuniko kikilegea, wino hutapakaa. Hapo bitana ndiyo iwe ya rangi nzito, kwa sababu doa litakuja, liwe leo au mwakani. Kalamu nyekundu za kusahihishia ni hivyohivyo. Bitana nyeupe inapendeza siku moja tu.

Mwalimu wa watoto wadogo huinama na kukaa chini siku nzima, na mikono yake imejaa. Kamba ya funguo ya kuvaa shingoni au kifuko chenye kamba ya kuvaa mkononi kitamfaa kuliko kitu cha mezani. Wa sekondari anahama darasa hadi darasa na mizigo yake yote. Huyo mpe mfuko. Na yule ambaye daftari lake la maandalizi limechakaa kingo, jalada la kitambaa litamfurahisha, kwa sababu hilo daftari analifungua kila siku.

Mito midogo ya mapambo, maua ya kitambaa na mioyo ya kutundika naikwepa. Inapendeza, ila ukutani kwa mwalimu hakuna nafasi ya mioyo thelathini.

Mfuko wa kalamu wenye zipu unashonwaje? Zipu inanitisha.

Zipu inatisha mara moja tu. Mfuko huu ukiisha una urefu wa ndani wa kama sm 21, na penseli mpya yenye urefu wa karibu sm 19 inaingia bila kulala upande.

Kata vipande vinne vya sm 23 kwa 12: viwili vya nje, viwili vya bitana. Tafuta zipu ya nailoni ya sm 25. Iwe ndefu kuliko kitambaa kwa makusudi, ili kile kichuma cha kuvuta kikae nje ya njia wakati unashona. Zipu ya chuma usiitumie hapa, kwa sababu sindano itapita juu ya meno, na sindano ikigonga chuma inavunjika.

Laza kipande cha nje, uso juu. Juu yake, kwenye ukingo mrefu wa juu, laza zipu uso chini. Juu ya zipu laza bitana, uso chini. Sasa zipu imebanwa katikati kama barua ndani ya bahasha. Funga bandi, kisha shona kwa mguu wa zipu, ule mwembamba unaoruhusu sindano ikaribie meno. Fungua vitambaa vyote viwili viipe zipu mgongo, piga pasi, shona mshono wa juu milimita 3 kutoka kwenye zipu ili bitana isije ikanaswa na meno. Rudia upande wa pili na vipande viwili vilivyobaki.

Sasa simama. Fungua zipu zaidi ya nusu. Nimeandika sentensi hii peke yake kwa sababu mara ya kwanza sikuifungua. Nilishona mfuko mzima, nikapunguza pembe, nikaanza kuugeuza, nikakuta zipu imefungwa kwa ndani na kichuma chake hakifikiki. Nilifumua mshono mmoja mmoja hadi saa saba usiku.

Zipu ikiwa wazi, kutanisha vipande vya nje uso kwa uso na bitana uso kwa uso, meno ya zipu yakielekea upande wa bitana. Shona kuzunguka pande zote, ukiacha pengo la sm 8 kwenye kitako cha bitana. Unapopita juu ya meno ya zipu, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono. Hakikisha kichuma kiko ndani ya mfuko kabla hujakata zipu iliyozidi. Kikibaki kwenye kile kipande ulichokata, umebaki na zipu isiyofunguka. Geuza kupitia pengo, ziba pengo, sukuma bitana ndani.

Mfuko wa kwanza ulinichukua saa tatu ukiondoa ule usiku wa kufumua. Siku hizi ni kama dakika arobaini.

Jalada la daftari nilipimeje?

Usipime daftari likiwa wazi mezani tu; lifunge pia, kwa sababu likifungwa mgongo unakula kitambaa. Njia yangu ni hii. Upana wa kitambaa: jalada la mbele, mgongo, jalada la nyuma, jumlisha sm 1 ya nafasi, sm 14 za mikunjo miwili ya ndani na sm 2 za mishono. Urefu: urefu wa daftari, jumlisha sm 1 na sm 2 za mishono.

Kwa daftari la A5, lenye sm 14.8 kwa 21, mgongo ukiwa sm 1.5, unapata kama sm 48 kwa 24. Kata kimoja cha nje na kimoja cha bitana. Shona uso kwa uso kama alamisho, pengo likiwa katikati ya upande mrefu wa chini. Geuza, piga pasi vizuri, kisha kunja sm 7 kila mwisho kuelekea ndani. Lijaribu daftari hapo kabla ya kushona. Likikaa sawa, shona mshono wa juu ukingoni kabisa, juu na chini, kutoka mwisho hadi mwisho. Mikunjo inageuka mifuko ya kuingizia majalada.

Shida ni kupata daftari la kupimia bila mwalimu kujua. Nunua la ukubwa uleule, lifunike, na utoe vyote viwili pamoja. Likijaa, jalada linahamia kwenye lingine.

Na mfuko wa kubebea madaftari?

Kata kipande kimoja kirefu cha sm 40 kwa 90, ukikunje katikati. Kitako kisiwe na mshono. Uzito wote wa madaftari unakaa hapo, na mshono wa kitako ndio huachia kwanza. Pande mbili zishone kwa mshono wa kuficha kingo: kwanza nyuma kwa nyuma kwa milimita 5, punguza nyuzi, geuza, halafu uso kwa uso kwa milimita 8. Nyuzi zote zinabaki zimefungiwa ndani, huhitaji mashine ya kudarizi kingo wala kumpelekea mtu. Mdomo ukunje sm 1, kisha sm 3, ushone. Mfuko unabaki na kina cha kama sm 41, na karatasi za A4 zinaingia zikiwa zimesimama.

Mikono ya mfuko: vipande viwili vya sm 10 kwa 65, kila kimoja kikunjwe kwa upana kiwe tabaka nne, mpaka kibaki sm 2.5, kishonwe pande zote mbili. Pale kinapokutana na mfuko, shona umbo la mraba na msalaba ndani yake. Mshono mmoja wa kukatiza hapo hautoshi. Sindano iwe namba 90/14 kwa pamba nzito, 100/16 kwa jinzi.

Nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa kama kiota. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ina shida?

Mara nyingi hapana, ingawa kila mtu huanza kuisumbua bobini. Kiota cha chini kwa kawaida husababishwa na uzi wa juu ambao haukukaa vizuri kwenye njia yake. Nyanyua mguu wa cherehani, toa uzi wa juu wote, utunge upya ukiwa mguu uko juu. Mguu ukiwa chini, sahani zinazobana uzi zimefungwa na uzi haupenyi katikati yake. Unapoanza kushona, shika ncha zote mbili za nyuzi kwa nyuma kwa hatua tatu nne za kwanza.

Uzi ukikatikakatika, badilisha sindano kwanza. Sindano butu au iliyopinda husababisha mengi kuliko inavyoshukiwa.

Mshono wangu ni mnyoofu lakini kitu bado kinaonekana cha ovyo. Nakosea wapi?

Pasi. Kila mshono upigwe pasi kabla haujakutana na mwingine, kwanza ukiwa umelala kama ulivyoshonwa, kisha ukiwa umefunguliwa. Usiisukume pasi huku na huko, ibonyeze na kuinyanyua. Pamba inavumilia pasi ya nukta tatu, kama nyuzi joto 200. Poliesta iishie nukta mbili, na zipu ya nailoni usiibonyeze kwa joto la pamba.

Mtoto ashiriki vipi? Nataka iwe zawadi yake, si yangu.

Mwache achague kitambaa, hata kama uchaguzi wake unakuumiza macho. Wa miaka mitano au sita anaweza kuchagua vifungo na kuchora. Wa miaka saba nane anaweza kushona kwa sindano nene butu na uzi mnene kwenye felti, ukimwekea vidoti kila milimita 5 vya kufuata. Kuanzia miaka kumi, ukikaa naye karibu, anaweza kushona alamisho kwa cherehani. Mwendo uwe wa polepole na vidole vikae mbali na sindano.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni mwandiko wa mtoto. Aandike kwenye karatasi kwa kalamu nyeusi, bandika karatasi dirishani mchana, weka kitambaa cha rangi nyepesi juu yake, fuatisha kwa penseli, kisha tarizi juu ya mistari kwa mshono ule wa kurudi nyuma. Mwanangu alipokuwa darasa la kwanza aliandika "Asate Mwalimu". Nilishika penseli niongeze ile n, nikairudisha. Mwalimu aliiweka alamisho hiyo mezani, na alimwambia kwamba hiyo n wataitafuta pamoja mwaka unaofuata.

Mwalimu ni mwanamume. Atapenda vitu vya kitambaa?

Kwani wanaume hawabebi kalamu? Badilisha kitambaa tu: mistari, miraba, jinzi, kijani iliyoiva. Na kama ulimtazama kwa wiki moja, unajua tayari kama anapenda maua.

Nina walimu wanane na wiki moja. Niokoe.

Chagua kitu kimoja, kwa watu wote. Ukianza kumshonea huyu mfuko, yule jalada na wa tatu kitambaa cha kikombe, hutamaliza, na wenyewe watalinganisha. Kata vyote siku ya kwanza. Siku ya pili gandisha na piga bandi. Siku ya tatu na ya nne shona bila kukata uzi kati ya kipande na kipande: ukimaliza kimoja unaingiza kingine, vinatoka nyuma vimefuatana kama bendera za sherehe. Kisha kata, geuza, piga pasi kwa mkupuo. Siku mbili za mwisho ziache kwa barua na kwa ile ajali ambayo haijatokea bado.

Kwa idadi hiyo, ningeshona alamisho. Usisahau watu wanaosahaulika: wa maktaba, wa michezo, anayefundisha somo moja tu kwa wiki.

Je, haitaonekana kama hongo?

Inaweza, ikitolewa vibaya. Kuna methali ya mkono mtupu haulambwi, na ni hiyo inayowatia watu wasiwasi wakiona mzazi na kifurushi. Uliza kwanza kanuni za shule. Nyingine zina kiwango, nyingine hazitaki zawadi binafsi kabisa, na hapo darasa zima linaweza kutoa kitu kimoja. Toa baada ya matokeo kutoka, si kabla ya mtihani. Toa kwa walimu wote wa darasa kama inawezekana. Na usiweke pesa ndani ya mfuko, hata kwa nia njema. Ukifanya hivyo umeshona bahasha.

Jina la mwalimu liandikwe juu yake?

Herufi za mwanzo zinatosha, tena kwa ndani. Kitu chenye "Mwalimu Bora" kwa maandishi makubwa ni kigumu kukitumia mbele ya walimu wenzake.

Barua iandikwe nini?

Jambo moja lililotokea. "Asante kwa yote" haimwambii kitu, na amepata nyingi. Jaribu hivi: "Mwalimu, mwanangu alikuwa anaogopa kusoma kwa sauti. Juzi amemsomea bibi yake ukurasa mzima bila kusimama. Asante kwa kumruhusu aje na kitabu nyumbani." Sentensi tatu. Karatasi ikunjwe iingie ndani ya zawadi, mtu aikute anapofungua zipu.

Kanga au karatasi ya kufungia si lazima. Utepe uliokatwa kutoka kitambaa kilekile unatosha.

Itolewe lini?

Mwisho wa muhula au wa mwaka ndio wakati wa kawaida, na pia ndio wakati mwalimu anabeba kila kitu kwa mpigo. Ukipenda siku nyingine, Siku ya Walimu Duniani ni tarehe 5 Oktoba. Huadhimishwa tangu 1994, kukumbuka pendekezo kuhusu hadhi ya walimu ambalo UNESCO na Shirika la Kazi Duniani walilipitisha tarehe kama hiyo mwaka 1966. Mimi nimewahi kutoa katikati ya muhula, Jumatano isiyo na jina, na hiyo ndiyo iliyomshangaza mwalimu kuliko zote.

Niweke manukato au maua makavu ndani?

Hapana. Wapo wanaopiga chafya au kuumwa kichwa, na staffrumu ni ya watu wengi.

Nataka kumshonea mwalimu aliyenifundisha mimi, na sasa amestaafu. Kalamu na madaftari hana tena.

Mshonee kifuko cha miwani. Vipande viwili vya nje na viwili vya bitana, kila kimoja sm 11 kwa 20. Bitana iwe ya flaneli au fulana kuukuu iliyolainika, isikwaruze kioo. Hapa fulana inaruhusiwa, kwa sababu pamba ya nje itaishikilia. Shona kila bitana na nje yake kwenye mdomo, fungua, kutanisha nje kwa nje na bitana kwa bitana, shona kuzunguka, acha pengo kwenye kitako cha bitana kama mfuko wa kalamu. Hakina zipu wala kifungo, kwa hiyo kinafunguka hata kwa vidole vinavyouma. Kama miwani yake ni mipana, ongeza sm 1 kwenye ile 11. Na barua iandike kwa herufi kubwa.